Tarumbeta za Usambara: Jinsi Muziki wa Sauti Nne Ulivyopanda Milima

Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani hupita katikati ya miti mingi ambayo asili yake si hapo. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha juu ya milima hiyo ya Usambara Taasisi ya Baiolojia na Kilimo, ikaagiza mbegu na miche kutoka Asia, Amerika na kwingineko, ikaipanda katika mashamba ya majaribio ili ijue ipi itafaa. Sehemu kubwa ya miti ile ilibaki palepale ilipopandwa. Mmoja, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii, ulitoka upande wa magharibi wa Afrika Mashariki, na huo haukutulia shambani. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakazitawanya mbegu msituni, na leo umeenea Usambara Mashariki kiasi cha kuwahangaisha wahifadhi.

Nimeanza na miti, ingawa habari yangu ni ya muziki, kwa sababu swali ni lilelile. Kitu kigeni kikifika mahali, kwa nini kimoja hubaki ndani ya ua wa aliyekileta, na kingine huchukuliwa na wenyeji kikawa chao? Muziki wa Ulaya ulifika Usambara kwa namna zote mbili. Ule wa sebule za walowezi na maofisa ulikuja nao na ukaondoka nao. Ule wa tarumbeta za usharika ulibaki, na hadi leo unasikika makanisani, harusini na makaburini.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ulaya ina aina ya muziki iitwayo muziki wa chumbani, yaani muziki ulioandikwa kwa ajili ya wapigaji wachache wanaoweza kukaa katika chumba kimoja. Umbo lake mashuhuri ni la watu wanne: wawili wenye fidla, mmoja mwenye viola na mmoja mwenye cello. Joseph Haydn, aliyefariki mwaka 1809, alilikuza umbo hilo kuliko mtu mwingine yeyote wa wakati wake. Kinachoupambanua muziki huu ni kwamba kila sauti ina mtu wake, hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake, na kwa kawaida hakuna anayesimama mbele kuongoza, wapigaji husikilizana. Kwa kipimo hicho, vijana wanne wenye tarumbeta na honi wanaopiga wimbo wa sauti nne kilimani ni ndugu wa karibu wa wale wanne wa fidla. Kilichobadilika ni kwamba mti umekuwa shaba, na chumba kimekuwa bonde.

Ili kujua shaba hiyo ilifikaje, turudi nyuma hadi Ujerumani ya miaka ya 1810. Kabla ya wakati huo tarumbeta ilikuwa bomba tupu. Mpigaji aliweza kutoa sauti chache tu zinazopatikana kwa kubadili mkazo wa midomo, na kati ya sauti hizo kulikuwa na mapengo. Ndiyo maana ilifaa zaidi kwa ishara za vita na shangwe za wafalme. Kisha mafundi wakabuni vali, vifungo vinavyoielekeza pumzi ipite katika bomba refu zaidi au fupi zaidi, na hataza ya ubunifu huo ikatolewa Prussia mwaka 1818. Mapengo yakazibika. Tarumbeta ikaweza kuimba tuni yoyote, na viwanda vilipoanza kuzitengeneza kwa wingi, mtu wa kawaida naye akaweza kuipata.

Waliozipata mapema ni watu wa vijiji vya Westfalia, kaskazini magharibi mwa Ujerumani. Huko Jöllenbeck, kijiji cha wafumaji wa kitani, kikundi cha tarumbeta cha kanisa kilianzishwa mwaka 1843 wakati wa uamsho wa kidini uliohusishwa na mchungaji Johann Heinrich Volkening. Watu hawa hawakuwa na uwezo wa kuajiri wanamuziki, wala hawakukaa karibu na kumbi za mijini. Walichokuwa nacho ni nyimbo za kanisa zilizopangwa kwa sauti nne, na hamu ya kuzipiga wenyewe. Hivyo desturi hii, kabla haijavuka bahari, ilikuwa tayari ni desturi ya vijijini. Jambo hilo lina uzito katika yanayofuata.

Hatua iliyofuata ni ya kiufundi, na ndiyo kiini cha habari yote. Mchungaji Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes, aliyezaliwa mwaka 1856, walilea vikundi hivi, na kitabu chao cha nyimbo za tarumbeta kikatoka mwaka 1881. Katika bendi za kijeshi kila chombo kilikuwa na karatasi yake, tena nota zilizoandikwa hazikulingana na sauti inayosikika. Mpigaji wa tarumbeta akisoma do, chombo kilitoa sauti nyingine. Akina Kuhlo waliukataa utaratibu huo. Waliwafundisha wapigaji wao kusoma sauti kama inavyosikika, kutoka katika ukurasa uleule unaosomwa na mpiga kinanda na wanakwaya. Pia walipendelea vyombo vyenye sauti pana na laini, vinavyokaribia koo la mwanadamu, kuliko tarumbeta kali za jeshini.

Matokeo ya uamuzi huo yalikuwa makubwa kuliko unavyoonekana. Kitabu kimoja kilitosha kanisa zima. Mwenye sauti ya tatu akiugua, mwimbaji wa sauti hiyo katika kwaya aliweza kusimama mahali pake, maana wote wawili waliijua sauti ileile kutoka ukurasa uleule. Na aliyejifunza kuimba katika kwaya alikuwa tayari amejifunza nusu ya kazi ya kupiga. Akina Kuhlo walikuwa wametengeneza muziki mwepesi kubeba na mwepesi kurithisha, ingawa walichokuwa wakifikiria ni vijiji vya kwao.

Sasa tugeukie upande wa Afrika. Mwaka 1886 kilianzishwa Berlin chama cha misheni cha Kiprotestanti kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kilikuwa dhaifu hadi kilipopata msaada wa Friedrich von Bodelschwingh, mkuu wa Bethel, makazi ya wagonjwa yaliyokuwa karibu na mji wa Bielefeld, katika Westfalia ileile ya tarumbeta. Mwaka 1891 wamisionari wake Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo Mlalo, ambacho walikiita Hohenfriedeberg. Vikafuata vituo vingine, Vuga mwaka 1895 na Bumbuli mwishoni mwa muongo huohuo. Mwaka 1906 makao makuu ya chama yenyewe yakahamia Bethel, na watu wakazoea kukiita Misheni ya Betheli.

Mapema katika miaka ya 1890, wakati kazi ya Usambara ilipokuwa ikianza, Johannes Kuhlo naye aliitwa Bethel awe mchungaji wa nyumba ya Nazareth, mahali walipofundishwa mashemasi. Alikaa huko hadi mwaka 1922. Mashemasi hao walifunzwa uuguzi na kazi za mikono, na tarumbeta ilikuwa sehemu ya maisha yao ya kila siku. Baadhi yao ndio waliotumwa Usambara, kwa mfano Lutindi, ambako mwaka 1896 palifunguliwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na tangu mwaka 1904 pakawa pia hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Kwa hiyo aliyepanda milima kama fundi au muuguzi aliweza kuwa pia mwalimu wa sauti nne.

Nchi waliyoifikia haikuwa kimya. Usambara ilikuwa na ufalme wa Wakilindi, ambao masimulizi huuanzisha kwa Mbegha mwindaji, na mji wake mkuu ulikuwa Vuga. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1848 na kumkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai katika kilele cha enzi yake. Kimweri alipofariki mwaka 1862, watoto na wajukuu zake waligombania madaraka, na biashara ya watumwa na bunduki ikachochea vita hivyo. Wajerumani walizikuta jamii zilizochoka, na wao wenyewe hawakuja mikono mitupu: mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Msomaji asisahau kwamba nyimbo za amani zilifundishwa chini ya serikali iliyotawala kwa nguvu. Wala asidhani kwamba Washambaa, wenyeji wa milima hiyo, walikutana na honi kwa mara ya kwanza. Ngoma na pembe zilikuwa na kazi katika kuita watu, kusherehekea na kuomboleza, na sikio la mlimani lilijua tangu zamani kwamba pembe ikipulizwa kwenye tuta moja husikika kwenye tuta la pili.

Kwa nini basi shaba, na si piano au fidla? Sababu ya kwanza ni njia. Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Mombo mwaka 1905. Kutoka hapo hadi Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, ni mwendo wa kilomita zipatazo 30 za kupanda. Kwa miaka mingi ya mwanzo mzigo ulipanda vichwani mwa wapagazi. Tarumbeta ni mzigo wa mtoto. Piano ni mzigo wa kijiji. Sababu ya pili ni ukungu na mvua. Unyevu hulegeza gundi ya fidla na huvimbisha mbao za piano, na fundi wa kuitengeneza yuko mbali. Shaba inahitaji mafuta kidogo na kitambaa. Sababu ya tatu ni mahali penyewe pa kupigia: sharika zilitawanyika juu ya matuta, na chombo cha sebuleni hakimfikii mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Ningeongeza sababu ya nne, inayohusu lugha. Kishambaa ni lugha ya toni: silabi zina kupanda na kushuka kwake, na kukiuka mpango huo huweza kulipotosha neno. Tuni ya Kijerumani, iliyotungwa kwa maneno ya Kijerumani, hulazimisha silabi zipande pale zinapotaka kushuka. Mwimbaji alilazimika kuvumilia mgongano huo kila Jumapili. Mpiga tarumbeta hakuwa na mgongano huo, kwa kuwa chombo chake hakina maneno.

Kuna maelezo mengine yanayostahili kupimwa. Wapo wanaoweza kusema kwamba tarumbeta zilipanda kutoka pwani, na misheni ilifuata tu upepo. Hoja yao si nyepesi. Katika miaka ya 1890 ngoma ya beni, ambayo jina lake linatokana na neno bendi, ilikuwa ikizaliwa Lamu na Mombasa. Vijana walivaa sare, wakapewa vyeo na kushindana kwa gwaride na muziki. Tanga nayo ilikuwa na shule ya serikali iliyofunguliwa mapema katika muongo huohuo, na bendi yake ya wanafunzi iliwatumbuiza wakubwa wa mji. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia beni ilisambaa pamoja na askari na wapagazi hadi ndani kabisa ya bara. Kijana wa Usambara aliyeshuka Tanga kutafuta kibarua aliiona tarumbeta ikiwa alama ya ujana na ya mambo mapya.

Nikiyapima maelezo haya, naona kila moja linajibu swali lake. Pwani inaeleza kwa nini kijana alitamani kuishika tarumbeta. Misheni inaeleza kitabu, namna ya kusoma, na kwa nini mlimani sauti ziligawanywa nne kwa utulivu badala ya kwenda kwa mwendo wa gwaride. Masikio ya Washambaa wenyewe yanaeleza kwa nini mlio huo haukuonekana kioja. Hata hivyo hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza kwa nini desturi iliendelea baada ya walioileta kuondolewa. Kwa hilo inabidi tutazame vita.

Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliitwaa Tanga na Usambara. Wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini, na kufikia mwaka 1920 walikuwa wamefukuzwa nchini. Waliruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925, lakini mwaka 1939 vita vya pili vikaanza, Wajerumani wengi wakakamatwa tena, na Walutheri wa Marekani wakachukua dhamana ya misheni zilizoachwa. Mara mbili katika muda wa miaka ishirini na mitano, sharika za Usambara zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Wao ndio waliofundisha, waliozika, waliobatiza na walioongoza nyimbo.

Hapo ndipo uamuzi wa akina Kuhlo ulipofanya kazi ambayo wao hawakuitazamia. Muziki unaomtegemea bwana mwenye karatasi zake hufa akiondoka. Muziki ulioandikwa katika kitabu cha nyimbo ambacho kila usharika tayari unacho, na unaoweza kurithishwa na mwenye besi kwa kijana aliyeketi kando yake, una walimu wengi kiasi kwamba kumwondoa mmoja hakuuzimi. Johannes Kuhlo mwenyewe alimalizia maisha yake mwaka 1941 akiwa mfuasi wa Hitler. Siasa zake hazikupanda milima pamoja na honi, kwa sababu wakati huo honi zilikuwa zimekwisha kupata wenyewe.

Uhuru ulipopatikana, kanisa nalo lilijipanga upya. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Usambara ikawa sehemu ya eneo ambalo leo ni Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, yenye makao yake Lushoto. Swali lililotawala miaka hiyo lilikuwa la haki: kwa nini Mtanzania aliye huru aimbe tuni za Wajerumani peke yake? Katika chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, mwalimu Mmarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake watunge nyimbo kwa tuni za kwao, na mkusanyo uitwao Tumshangilie Mungu ukatoka mwaka 1968. Mmoja wa wanafunzi wa Makumira, Bernard Kyamanywa, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya.

Wimbo huo ulisafiri kinyume cha njia tuliyoifuata hadi sasa. Ulitafsiriwa kwa Kijerumani, na kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani kilichotoka miaka ya 1990 kikaupa namba 116. Maana yake ni kwamba vikundi vya tarumbeta vya Westfalia, vilivyopeleka sauti nne Usambara, leo hufungua kitabu chao siku ya Pasaka na kukutana na tuni ya Tanzania, iliyopangwa kwa sauti zilezile.

Mifano ya jirani inathibitisha kwa njia zake somo la Usambara, kwamba muziki mgeni hubaki pale wenyeji wanapoufanya wao. Kinshasa, kanisa la Wakimbangu lilikuwa na bendi zake za tarumbeta kwa muda mrefu kabla Armand Diangienda hajaanzisha okestra yao mwaka 1994. Fidla zilikuja juu ya msingi wa desturi ya waumini kupiga pamoja. Nairobi, mpango wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge katika mtaa wa Korogocho mwaka 2008 haukuishia kuwaalika watoto wasikilize tamasha. Uliwapa vyombo na walimu, na baadhi ya waliojifunza wakageuka kuwafundisha wadogo wao. Unguja ni mfano wa zamani zaidi: fidla ilikubaliwa na Waswahili kupitia taarab, mikononi mwa vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, si kwa sababu mtu fulani alikuja kuwapigia Haydn jioni moja na kuondoka.

Wanaotaka kupeleka muziki wa Ulaya vijijini leo mara nyingi huhesabu matamasha. Historia ya Usambara inashauri kuhesabu kitu kingine: ni vyombo vingapi vimebaki kijijini, ni kitabu gani kinachosomwa, na ni nani atakayemfundisha kijana wa mwaka ujao. Tamasha ni mche ulio kwenye kitalu cha Amani. Unaweza kupendeza sana bila kuenea hata hatua kumi. Kuenea kunahitaji hondohondo, na hao ni wenyeji wenyewe, wenye sababu zao za kubeba mbegu.

Sababu hizo huonekana waziwazi katika mambo ambayo hakuna mmisionari aliyeyapangia kitabu. Mijini, kuanzia Dar es Salaam hadi Arusha, matarumbeta hukodiwa yakae nyuma ya gari na kumsindikiza bibi harusi, kwa mdundo ambao Johannes Kuhlo asingeutambua. Makanisani hali ni tulivu zaidi. Alfajiri ya Pasaka, kwa desturi iliyoanzia kwa Wamoravian wa Herrnhut mwaka 1732 na kupokelewa na sharika nyingi za Kilutheri nchini, waumini huenda makaburini kabla jua halijachomoza. Mlimani saa hiyo ni baridi, shaba huumiza midomo, na mpigaji huipasha kwanza honi yake kwa pumzi. Kisha sauti ya kwanza huanza, ya pili na ya tatu zikafuata, na besi ikaingia chini yake, juu ya makaburi ambamo wamelala pia wale waliozishika honi wakati hapakuwa na mwalimu mwingine.